Mali Juu, Maamuzi Chini: Maisha na Kifo cha Chama cha Maendeleo cha Ruvuma

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikata shauri kwamba Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kivunjwe. Hakikuwa chama cha siasa, wala hakikuwahi kugombea kiti cha mtu. Kilikuwa muungano wa vijiji 17 vya wakulima wa Songea, kusini mwa Tanzania, waliokuwa wakilima pamoja, wakisaga mahindi kwa mashine yao, wakipasua mbao kwa mashine yao, na wakiwasomesha watoto wao katika shule iliyokwenda kwa fikra zao. Haukupita muda mrefu baada ya uamuzi ule, mashine zikachukuliwa, karakana na magari yakafuata njia hiyo hiyo, walimu wakahamishwa, na washauri wa kigeni wakafunga mizigo. Watafiti Andrew Coulson, Michael Jennings, Leander Schneider na wengine wameichambua habari hii, na Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekuwa mshauri wa chama hicho, aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 2014. Kwa ujumla imesimuliwa kama kisa cha dola iliyowaogopa wananchi wake waliojitegemea. Maelezo hayo ni ya kweli na sitayapinga. Ila yanaacha swali ambalo kila anayeongoza asasi ya kiraia, kikundi cha akina mama, au shirika lisilogawana faida anapaswa kulikabili: ilikuwaje chombo chenye utawala wa ndani ulio imara kiasi kile kikabomolewa kirahisi namna ile? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba wanachama wa Ruvuma waliyajenga maamuzi yao chini, kijijini, na kwa hilo walikuwa mbele ya wakati wao. Lakini mali yao ya pamoja na urafiki wao na wakubwa vilikaa juu, mahali ambapo mkono mmoja ungeweza kuvichota vyote kwa mara moja.

Inafaa kuanza na nchi yenyewe. Songea ilitoka katika vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 ikiwa imepoteza viongozi wake walionyongwa na watu wasiohesabika waliokufa kwa njaa. Miongo iliyofuata, serikali za kikoloni ziliifanya kuwa ghala la nguvukazi: wanaume walisafirishwa kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba, wakarudi baada ya miezi au miaka, wengine hawakurudi. Barabara zilikuwa mbovu, mazao ya biashara machache, na soko lilikuwa mbali. Kwa hiyo vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU wa Peramiho, chini ya katibu wao Ntimbanjayo Millinga, walipoamua mwishoni mwa 1960 kuingia porini na kuanzisha makazi ya kulima pamoja, hawakuwa wakifuata nadharia iliyoandikwa na mtu. Ujamaa haukuwa na waraka wakati ule. Walichokuwa nacho ni haja ya kubaki nyumbani na kuishi kwa jasho lao bila kupanda lori la manamba. Jaribio la kwanza lilishindwa kwa sababu ya kawaida kabisa: chakula kiliwaishia. Wakatawanyika, wakajipanga, na mwaka 1961 wakarudi, mara hii wakajikita Litowa. Naona jambo hili la kushindwa na kurudi lina uzito kuliko linavyopewa, kwa kuwa linaonyesha kwamba mbegu ya chama ilipandwa na watu waliokwisha kuonja gharama ya kutojiandaa. Katiba nyingi za asasi zetu zimeandikwa na watu ambao hawajashindwa pamoja hata mara moja, nazo husomeka hivyo.

Chama chenyewe kilianzishwa mwaka 1963, kwa baraka za uongozi wa mkoa, wakati Litowa ilipokuwa imeanza kuvuta watu wa maeneo mengine waliotaka kufanya kama ilivyofanya. Ibbott alihamia Litowa mwaka huo huo. Kitaaluma alikuwa mkadiriaji majenzi, lakini kabla ya kuja Tanganyika alikuwa amehusika na shamba la ushirika la misheni ya St Faith's karibu na Rusape, Rhodesia ya Kusini, ambako Waafrika na Wazungu walijaribu kufanya kazi kwa usawa katika nchi iliyokataza usawa huo. Alichokuja nacho kilikuwa uzoefu wa kuweka hesabu, kuandika barua, na kukaa katika mkutano bila kuuendesha. Hilo la mwisho si dogo. Mshauri anayeweza kunyamaza mkutanoni ni nadra, iwe mwaka 1963 au leo.

Utawala wa chama ulikuwa na ngazi mbili, na nguvu ilianzia ngazi ya chini. Kila kijiji kilikuwa na mkutano wa wanakijiji wote na kamati waliyoichagua. Humo ndimo ilimoamuliwa nini kilimwe, nani afanye kazi gani, mapato yagawanywe vipi, na mgeni anayeomba kujiunga apokelewe au aambiwe asubiri. Vijiji havikulazimishwa kufanana. Juu yake kulikuwa na mkutano wa wawakilishi wa vijiji vyote, uliokutana kwa zamu katika kijiji hiki na kile, hivi kwamba mjumbe wa Litowa alilala kwa wenyeji wa kijiji kingine, akala chakula chao, akaliona shamba lao kwa macho kabla ya kulitolea maoni. Mtu anaweza kuiona zamu hiyo kama ukarimu tu. Kwangu mimi ilikuwa njia ya ukaguzi isiyohitaji mkaguzi. Taarifa ya maandishi inaweza kupambwa. Shamba lililojaa magugu halipambiki. Kulikuwa pia na kundi la wanachama waliojitolea zaidi, waliokwenda kuishi katika vijiji vichanga na kufundisha kwa kufanya kazi bega kwa bega na wenyeji. Wakalipa jina la kijeshi, Jeshi la Mapinduzi ya Kijamii na Kiuchumi, ingawa silaha yao ilikuwa jembe na daftari.

Jambo lililokifanya chama kiwe imara zaidi ya yote lilikuwa ukaidi wake wa kutokua haraka. Watu waliotaka kuanzisha kijiji walikaribishwa kwanza waje Litowa wajionee, waishi na wenzao, wajadiliane, kisha warudi kwao wakiwa wanajua wanachokitafuta. Ili kuona thamani ya ukaidi huo, mtu aulinganishe na kile serikali ilichokuwa ikifanya miaka ile ile. Kwa kufuata ushauri wa ripoti ya Benki ya Dunia ya 1961, serikali ilianzisha mipango ya makazi ya kisasa: trekta, nyumba zilizojengwa na mkandarasi, meneja aliyeajiriwa, na walowezi waliochaguliwa kutoka sehemu mbalimbali. Mpango mmoja ulikadiriwa kugharimu paundi 150,000. Walowezi wakajiona ni vibarua wa serikali, trekta zikaharibika, madeni yakapanda, na Aprili 1966 serikali yenyewe ikatangaza kwamba haitaanzisha mipango mingine ya aina hiyo. Litowa haikupata hata sehemu ndogo ya fedha hizo, na bado ilikuwa na watu waliojua kwa nini wako pale. Utawala bora unaozungumzwa katika semina nyingi huanza na muundo: bodi, sekretarieti, sera ya fedha. Ule wa Ruvuma ulianza na swali la nani anaingia, na kwa ridhaa ya nani, na muundo ukaja kufuata majibu yaliyopatikana.

Shule ya Litowa ilitokana na mantiki hiyo hiyo. Chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka, watoto walisoma na kulima, wakafuga, wakajifunza hesabu kwa vitu walivyovishika, na wakaandaliwa kuishi kijijini badala ya kufanyiwa mchujo wa wachache watakaokwenda mjini. Kate Wenner, Mmarekani aliyeishi hapo, aliandika kitabu kuhusu maisha hayo akakiita kwa Kiswahili, Shamba Letu, kilichochapishwa 1970. Rais wa nchi, Mwalimu Nyerere, alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, na kisha Ujamaa Vijijini mwezi Septemba mwaka huo, wasomaji wa Songea hawakushangaa sana. Mengi yaliyokuwa katika nyaraka hizo walikuwa wakiyafanya. Mwalimu alikuwa amewatembelea, aliwapenda, aliwasifu, na Millinga mwenyewe akawa mbunge. Hapo ndipo pazuri pa kusimama na kuuliza uhusiano huo ulikuwa wa aina gani.

Ulikuwa uhusiano wa watu. Mkuu wa mkoa wa miaka ya mwanzo alikielewa chama, akakilinda. Rais alikipenda, akakilinda. Ibbott aliwajua watu Dar es Salaam na Uingereza, na barua zake zilifungua milango. Oxfam, shirika lililoanzishwa Oxford mwaka 1942 kwa ajili ya njaa ya wakati wa vita huko Ugiriki, lilikuwa miongoni mwa waliotoa msaada. Fedha hizo na za wenyewe zikaleta vitu ambavyo kijiji kimoja kisingeweza kumiliki peke yake: mashine ya kusaga, mashine ya kupasua mbao mjini Songea, karakana ya ufundi, magari. Ulikuwa uamuzi wenye busara kiuchumi. Vijiji 17 vinahitaji mashine moja ya mbao, havihitaji 17. Lakini mali hizo zilikuwa za chama, katika jina la chama, chini ya usajili wa chama, na uhai wa usajili huo ulishikwa na watu ambao wanachama hawakuwachagua na hawakuwa na namna ya kuwadai neno walilosema. Sioni popote katika habari za chama hiki mahali ambapo mmoja wa walinzi wake wakubwa alifungwa na ahadi inayoweza kudaiwa: kwamba ikitokea chama kikavunjwa, mashine itarudi kwa kijiji fulani, kwamba malalamiko ya mkoa dhidi ya chama yatasikilizwa na baraza lenye pande zote mbili, kwamba mkuu wa mkoa mpya atarithi makubaliano ya yule wa zamani. Mlinzi alipohamishwa, ulinzi ukahama naye.

Na mlinzi alihamishwa kweli. Viongozi wapya wa mkoa waliona mbele yao kundi la wakulima wasiotii kwa kuamriwa tu. Mgogoro uliojulikana zaidi ulitokea katika kijiji cha Liweta, ambako mkoa ulitaka kila mtu alime tumbaku kwa kiwango kilichowekwa na ofisi, na wanakijiji, waliozoea kuamua mambo ya shamba lao katika mkutano wao, wakakataa. Jiografia nayo haikusaidia. Mkoa wa Ruvuma, ilimo Songea, unapakana na Msumbiji, vita vya ukombozi vya Frelimo vilikuwa vikiendelea huko tangu 1964, na katika mkoa wa mpakani mgeni anayeishi kijijini bila ofisi hutazamwa kwa jicho la shaka. Lakini badiliko kubwa zaidi lilitokana na mafanikio ya wazo lenyewe. Waraka wa Rais Namba 1 wa Machi 1969 uliagiza vyombo vyote vya serikali vielekeze nguvu zao katika vijiji vya ujamaa. Kuanzia siku hiyo kijiji cha ujamaa kikawa kipimo cha kazi ya mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya. Chama cha hiari kilichokuwa kimeanzisha vijiji hivyo kwa subira kikageuka mshindani aliyekaa njiani, mwenye sifa ambazo ofisa alitaka ziandikwe katika taarifa yake. Vyama vingi vya hiari huuawa na uadui. Hiki kilidhurika zaidi kwa kupendwa, kwa kuwa kile walichokipenda wakubwa hawakutaka kukiacha mikononi mwa wengine.

Mtu atasema hapa kwamba hoja yangu ni ya kitoto: mbele ya chama kimoja kilichoshika hatamu, katiba gani ingefua dafu? Mwaka 1964 vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA. Mwezi Desemba 1968 Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, vyenye sheria, majengo na maelfu ya wanachama, vilifutwa kwa tangazo. Kama vigogo hao waliangushwa, hati ya wakulima wa Songea ingekuwa kijikaratasi. Naikubali nusu ya kwanza ya pingamizi hili bila kusita. Hakuna kifungu ambacho kingeizuia Kamati Kuu. Ila swali langu halikuwa namna ya kuizuia. Swali ni nini kinabaki mkononi mwa wanachama asubuhi baada ya amri, na hapo tofauti za muundo zina matokeo makubwa sana. Tuangalie Kilimanjaro. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kiliundwa 1933 kikichukua nafasi ya chama cha wakulima wa kahawa kilichoanza 1925. Kilifutwa pamoja na vingine 1976. Lakini chini yake kulikuwa na vyama vya msingi, kila kimoja na wanachama wake, kahawa yao, na kumbukumbu ya nani ni nani. Sheria ya 1982 iliporuhusu ushirika urudi, KNCU ikarudi, kwa sababu palikuwa na kitu cha kurudia. Amri iliondoa paa. Kuta zilikuwa za kijiji.

Mfano wa pili unatoka upande wa pili na unanirudisha nisivuke mpaka katika kuisifu sheria. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lilisajiliwa 1995 katika zama za vyama vingi, likafutiwa usajili 1997. Wanawake hao walifanya kile ambacho watu wa Litowa hawakuweza kukifanya: walikwenda mahakamani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwapa haki. Hukumu hiyo ni ya thamani kubwa, na kila asasi nchini imesimama pazuri zaidi kwa sababu yake. Hata hivyo miaka 12 ni mingi kwa chombo cha hiari. Wanachama huolewa, huhama, huzeeka, huingia vyama vingine. Haki iliyokuja ilimkuta mwenye nyumba amekwisha kuondoka. Kwa hiyo siamini kwamba sheria peke yake ingewaokoa wa Ruvuma, na sisemi hivyo. Nasema kwamba asasi hudumu kwa kiasi ambacho mali, ujuzi na uhusiano wake vimeshuka hadi pale wanachama wanapokutana uso kwa uso, na kwamba sheria na makubaliano yana faida yanapokuwa yamefunga jambo lililokwisha kukaa huko chini.

Pingamizi jingine husemwa kwa sauti ya chini, hasa na wazee wa chama tawala cha wakati ule: kwamba mambo haya yalikuwa ya Mzungu, na bila Ibbott na marafiki zake pasingekuwa na Ruvuma ya kusimuliwa. Tarehe zinalikataa. Vijana wa Peramiho waliingia porini, wakashindwa, wakarudi, na wakalima Litowa kabla ya familia ya Ibbott kuhamia huko. Ila kuna punje ya ukweli ndani yake isiyopaswa kutupwa pamoja na pumba. Barua kwa wafadhili, mahesabu makubwa, baadhi ya ujuzi wa mitambo, na mazungumzo na Dar es Salaam vilipita mikononi mwa watu wachache, na wachache hao hawakuwa wote wakulima. Wakati wa uadui hilo likawa silaha rahisi: ilitosha kusema neno "wageni" na hoja nyingine zikanyamaza. Ubia unaopita katika mlango mmoja, hata kama bawabu ni mwaminifu kama Ibbott alivyokuwa, unamweka bawabu mahali pabaya na kuwaacha waliomo ndani bila njia nyingine ya kutokea.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni lile la TANU yenyewe, nami naona ni haki lisikilizwe kwa heshima. Nchi ilikuwa maskini na mpya. TANU ilichaguliwa na wananchi kuongoza taifa zima, na mkoa wa Ruvuma ulikuwa na vijiji vingi visivyokuwa na mashine wala mfadhili. Kwa haki gani vijiji 17 vijitenge na kupokea misaada ya nje, vikiwa na shule yao na ratiba yao, huku jirani akisubiri zamu ya serikali? Nani aliwachagua? Swali la nani aliwachagua ni swali halali kwa kila asasi, na asasi nyingi za siku hizi, zenye ofisi Masaki au Westlands na wanufaika Simiyu au Turkana, hulikwepa. Watu wa Litowa walikuwa na jibu ambalo nyingi kati ya hizo hazina: waliotumia fedha na waliochagua viongozi walikuwa watu wale wale. Taifa lilikuwa na haki ya kudai hesabu, kudai kwamba ujuzi ugawanywe, hata kudai kwamba mashine iwahudumie na majirani. Mashine ya kusaga ilipochukuliwa, hesabu haikudaiwa. Kilichodaiwa ni mashine.

Na kile ambacho taifa lilipata badala yake kinajulikana kwa tarakimu. Vijiji vya ujamaa vilivyoandikishwa vilikuwa 809 mwaka 1969. Vikawa 1,956 mwaka uliofuata, 4,484 mwaka 1971, na 5,556 mwaka 1972. Hakuna mkutano wa wanakijiji ulioweza kuzaa watoto kwa kasi hiyo. Vingi vilikuwa vijiji kwenye taarifa ya ofisa, na mwaka 1973 ilipotangazwa kwamba kuishi kijijini sasa ni amri, operesheni zikaanza: nyumba zikabomolewa, watu wakabebwa kwa malori, na kufikia 1976 takriban watu milioni 13 walikuwa wamewekwa vijijini. Siandiki haya kumhukumu Mwalimu, ambaye mapenzi yake kwa mkulima hayana shaka kwangu. Nayaandika kwa sababu yanajibu dai kwamba Ruvuma ilikuwa ndogo mno kuwa na maana. Udogo wake ulitokana na kuomba ridhaa ya mtu mmoja mmoja. Ukubwa uliofuata ulipatikana kwa kuiacha ridhaa hiyo.

Wafadhili nao wana sehemu yao, na ni sehemu ninayoiona ikipitiwa haraka mno. Jennings ameonyesha jinsi Oxfam ilivyoipenda Tanzania ya ujamaa kiasi cha kujiona katika kioo chake, na jinsi mapenzi hayo yalivyoifanya iendelee kuiunga mkono sera ya vijiji katika miaka ya sabini hata baada ya chama kilichoonyesha njia kuvunjwa. Sidhani kulikuwa na nia mbaya. Shirika la nje lililotaka kubaki nchini lilikuwa na machaguo machache, na wengi ndani yake waliamini kwa moyo kwamba serikali na wakulima walikuwa wakielekea upande mmoja. Lakini hebu tuuangalie mkataba usioandikwa: mfadhili alikuwa na uhusiano na wazo, na uhusiano na nchi, na kwa muda alikuwa na uhusiano na chama. Vilipogongana, kilichoachwa ni kile kilichokuwa na watu wenye majina na mashamba. Ubia wa kudumu ungedai kinyume chake: mfadhili ajue tangu mwanzo kwamba anadaiwa kwanza na wanachama, aandike nao jinsi mali itakavyogawiwa mambo yakiharibika, na kama hawezi kuzuia lisilozuilika, angalau asihamishie ushirika wake kwa yule aliyelifanya. Wapo watakaosema hiyo ni kuomba mengi kutoka kwa mashirika ya hisani. Mashirika hayo huwaomba wakulima taarifa za robo mwaka, ukaguzi wa nje na sera ya migongano ya maslahi. Wakulima nao wana haki ya kudai masharti.

Leo Tanzania ina Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, ina msajili, ina fomu. Asasi hujifunza kutengeneza bodi, kuandika mpango mkakati, kusaini hati ya makubaliano na mfadhili. Nimesoma hati za namna hiyo, na mara nyingi zinaeleza kwa kirefu asasi itakavyowajibika kwa mfadhili, na kwa ufupi sana, au kwa kimya, nani atakuwa mwenye pampu ya maji, gari au jengo siku asasi itakapofutwa au mradi utakapokwisha. Kwa desturi jibu huwa ni mfadhili, au asasi nyingine yenye malengo yanayofanana, kwa maneno ya sheria. Wanakijiji hawamo. Ruvuma ya 1969 imo ndani ya kifungu hicho, na hakuna anayeiona.

Kijiji cha Matetereka kilikuwa kimoja kati ya vile 17. Kilipoteza chama, kikapoteza sehemu yake katika mashine ya mbao na karakana, kikapoteza marafiki wa mbali. Hakikupoteza ardhi, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya kijiji, wala mkutano, kwa kuwa mkutano ulikuwa mazoea ya watu waliouzoea kwa miaka. Kiliendelea kulima pamoja wakati wa operesheni za 1973, wakati wa uhaba wa miaka ya themanini, na baada ya Azimio la Zanzibar la 1991 lililolegeza masharti ya Azimio la Arusha, tamko la TANU la siasa ya ujamaa. Mwaka 1998 mtafiti D. M. Edwards alichapisha kazi yake kuhusu Matetereka na kukiita kijiji cha mwisho cha ujamaa Tanzania. Ilikuwa miaka 29 tangu Kamati Kuu ikate shauri.